Meli Iliyolalia Upande wa Verlin

Asubuhi ya pili ya safari, saa moja na robo, yai la kuchemsha la Arlys Tollefson lilibingirika kutoka kwenye sahani yake, likavuka kitambaa cha meza na kusimama kwenye kikombe cha mumewe, Verlin. Arlys alilirudisha. Likabingirika tena.

"Hata yai linakupenda kuliko linavyonipenda mimi," alisema.

Verlin hakucheka. Meza yao ilikuwa katikati kabisa ya ukumbi wa chakula, basi aliinuka, akaizunguka, akaketi kwenye kiti cha upande wa pili. Yai lilisita, kisha likamfuata huko. Kwenye meza za jirani chupa za mchuzi wa nyanya na bakuli za sukari zilihama pia, na watu wakazidaka bila kukatiza mazungumzo yao.

Walikuwa wametoka Dakota Kaskazini, kwenye mji mdogo wa ngano ambao maji yake mengi kuliko yote ni bwawa la ng'ombe. Arlys alikuwa ameijua bahari kwa kalenda ya benki tu. Walipotimiza miaka arobaini na mitano ya ndoa alisema anataka kwenda Alaska kwa meli. Verlin akasema Arizona. Alisema tena Alaska, Verlin akasema tena Arizona, na hapo, kwa mara ya kwanza tangu waoane, Arlys hakuuliza mara ya tatu. Alipiga simu akakata tiketi. Tangu siku hiyo Verlin alikuwa akila akiwa amesimama, na Arlys alidhani anaogopa maji.

Kabla hawajamaliza chai, afisa mmoja mwenye sare nyeupe alifika mezani.

"Bwana Tollefson? Samahani kukukatiza. Tangu ulipopanda, meli imelala nyuzi nne, na inalala kule uliko wewe. Nahodha anaomba ukae katikati iwezekanavyo."

"Mimi nina kilo themanini na moja," Verlin alisema.

"Tunajua. Uzito wenyewe hauko mwilini. Mwaka juzi tulikuwa na jaji mstaafu kutoka Florida, alikuwa nyuzi mbili. Wewe umemzidi."

Wakahamishiwa chumba cha ndani, katikati ya meli, kisicho na dirisha. Mhudumu wa chumba, Rommel, mtu wa makamo kutoka Iloilo, Ufilipino, mwenye wajukuu watatu, alibeba masanduku yao kisha akabandika utepe wa manjano sakafuni, kutoka mlangoni mwao hadi kwenye lifti.

"Tembea juu ya huu, Bwana Verlin," alisema. "Na ukitaka kupiga chafya, nigongee kengele kwanza nishike vikombe."

"Dirisha langu limekwenda hivihivi," Arlys alisema.

"Pole sana, Bi Arlys. Lakini huku hakuna mawimbi ya kukutisha."

"Mimi nimekuja kuyaona hayo mawimbi."

Kwenye lifti, mama mmoja wa Texas mwenye kofia ya majani alimtazama Verlin juu ya utepe wake na kumpa pole. Mume wake wa kwanza alikuwa hivyohivyo, alisema, ila yeye ilikuwa kwenye ngazi za nyumbani.

Mchana kutwa meli ilikwenda kaskazini kati ya visiwa vya misonobari, na mchana kutwa iliendelea kulala. Arlys alikaa nje akiwa amejifunga blanketi. Kalenda ya benki haikuwa imedanganya: milima ilikuwa na theluji kileleni na maji yalikuwa ya kijani kibichi. Lakini macho yake yalirudi kila mara kwenye ukingo wa meli, ambao ulikuwa ukipanda juu ya upeo wa bahari, kidogo kila saa. Bwawa la kuogelea lilikuwa limemwagika upande mmoja. Wahudumu walitia supu nusu bakuli.

Alimkuta Verlin chumbani, ameketi ukingoni mwa kitanda na koti lake mwilini.

"Kesho tunafika Ketchikan, bandari yetu ya kwanza," alimwambia. "Kuna nini Ketchikan?"

"Mvua," Verlin alisema.

"Nimekuuliza swali la maana."

"Na mimi nimekujibu. Inanyesha huko mwaka mzima. Tutalowa bure."

"Umejuaje?"

Verlin alivua kiatu, akakivaa tena.

Siku ya tatu, saa mbili kasoro asubuhi, nahodha aliwaita. Alikuwa mwanamke wa Kinorwe aliyeitwa Brekke, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Ukutani ofisini mwake kulikuwa na kipimo cha shaba chenye mshale mmoja.

"Keti hapo penye zulia, Bwana Tollefson. Hapo ndipo katikati." Alisubiri hadi aketi. "Nitasema wazi maana sina muda. Jana asubuhi nyuzi nne. Jana jioni tano na nusu. Sasa hivi saba. Nimejaza maji matangi yote ya upande wa pili, sina pengine pa kujaza. Mlango wa bahari wa Ketchikan ni mwembamba. Ukifika tisa, ubavu wangu unagusa mwamba."

"Basi tusiingie," Verlin alisema upesi.

Arlys aligeuka kumtazama.

"Tumekwishaingia," nahodha alisema. "Hapa hapageuziki. Nina watu elfu mbili humu, na wengine wako bafuni."

"Yule jaji alifanya nini?" Arlys aliuliza.

"Alisema. Aliketi hapo hapo akasema alichokuwa nacho moyoni."

"Akapungua?"

"Hapana. Hawapungui. Huacha kuongezeka tu. Mimi hilo linanitosha." Alitupa jicho ukutani. "Saba na robo."

Kalamu ilianza kutembea yenyewe juu ya meza. Nahodha aliikamata akaitia mfukoni.

Verlin aliitazama mikono yake. "Janelle alikuwa akiandika kutoka Ketchikan," alisema.

Janelle alikuwa binti yao wa pekee. Aliondoka miaka kumi na tisa iliyopita, wakati wa mavuno, akiwa na mimba ya miezi minne, baada ya Verlin kumwambia kwenye mlango wa jikoni kwamba akitoka na tumbo hilo asirudi nalo. Arlys alikuwa dukani siku hiyo. Tangu hapo alingoja barua. Hakuwa na haja ya kwenda kuifuata mahali popote, kwa sababu mpeleka barua wa mji ule na mashamba yote ya jirani alikuwa mumewe mwenyewe. Alifanya kazi hiyo miaka thelathini na minne, dirisha la gari wazi hata kwenye baridi ya kukata masikio, akisimama kwenye kila sanduku la bati kando ya barabara. Kila mchana alipoingia ndani Arlys alimuuliza, "Kuna kitu?" Na yeye alijibu, "Matangazo ya mbegu."

"Aliandika?" Arlys aliuliza sasa.

"Aliandika."

"Mara ngapi?"

"Sikuhesabu." Akalisugua zulia kwa kiatu. "Arobaini na moja."

"Ziko wapi?"

"Nilizichoma. Kwenye pipa nyuma ya ghala. Sikuzisoma, Arlys. Ila ya kwanza."

"Saba na nusu," nahodha alisema. "Endelea, tafadhali."

"Ya kwanza ilisemaje?"

"Kwamba amejifungua salama. Mtoto wa kike." Verlin alimgeukia mkewe. "Amempa jina lako."

Arlys alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Alifungua klipu ya mkoba, akaifunga. Nje ya dirisha, upande wa juu, kulionekana mawingu tu. Upande wa chini maji yalipita karibu na kioo.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Siku ya kwanza nilikuwa na hasira. Nikasema nitakupa kesho. Kesho yake ningelazimika kukueleza ya jana." Alifikiri. "Na ikawa hivyo."

"Miaka kumi na tisa ikawa hivyo."

"Ndiyo."

Nahodha Brekke alivaa miwani, akausogelea ukuta, akaugonga mshale kwa ukucha. Haukusogea.

"Umesimama," alisema. "Asanteni sana. Mlangoni kuna kahawa."

Arlys hakuinuka. "Anwani," alimwambia mumewe.

Verlin aliitaja bila kusita, nambari, mtaa na herufi ya mlango, kama alivyozijua anwani za watu wote. Barua ya mwisho, alisema, ilikuja miaka mitatu iliyopita.

Meli ilifunga gati saa tatu ikiwa imelala nyuzi saba na nusu. Abiria walishuka wakishikilia kamba, wengi wao kuangalia duka la vito. Verlin alifika hadi mlango wa kutokea, Rommel akamzuia kwa upole.

"Nahodha anasema usishuke, Bwana Verlin. Tumejaza maji ya kukusawazisha. Ukishuka sasa tutaangukia upande wa pili."

"Yule ni mke wangu anakwenda peke yake."

"Namwona," Rommel alisema, akamletea kiti.

Mvua ilikuwa ikinyesha. Mtaa wa Janelle haukuwa na barabara, ulikuwa ngazi za mbao zilizopanda mlima, na nyumba zimepangwa kandokando yake kama vitu kwenye rafu. Arlys alikuwa na miaka sitini na nane na goti bovu. Alipumzika mara nne. Kwenye mlango wa juu alimkuta mwanamke mnene mwenye viatu vya mpira, akining'iniza vipande vya samaki kwenye kibanda cha moshi.

"Hodi. Namtafuta Janelle Tollefson."

"Janelle amehama," yule mwanamke alisema. "Mimi ni Ramona, nyumba ni yangu. Alipanga chumba cha chini miaka kumi na sita. Wewe ni nani?"

"Mama yake."

Ramona alitundika kipande alichokuwa nacho mkononi, akanawa, akajifuta taratibu.

"Yule asiyejibu," alisema.

"Sikuzipata barua."

"Kila mtu hapa barua zake hupotea." Hakusema kwa ukali. "Nilimwambia, Janelle, acha, labda mama yako amekufa. Akasema hapana, baba yake ndiye anayepeleka barua kule, mama angekuwa amekufa baba angezirudisha. Kwa hiyo anazipata, akasema, anazisoma, hataki tu. Kila mara alishuka ngazi hizi mwenyewe kwenda kuzitia posta. Hakumtuma mtu."

"Amekwenda wapi?"

"Magharibi huko, kupika kwenye meli za kuvua kaa. Alimchukua na mtoto. Hakuacha anwani. Alisema hakuna wa kumwachia."

Arlys aliomba kukiona chumba. Sasa humo alikuwa anakaa fundi wa injini na mbwa wake, lakini pembeni mwa mlango zilikuwapo alama za penseli za urefu wa mtoto. Ya juu kabisa ilimfikia Arlys kwenye nyusi. Alisimama hapo kitambo, kichwa kimegusa mbao.

Walipotoka Ramona alitazama chini bandarini.

"Meli yenu imelala," alisema.

"Ni mume wangu."

"Aa." Alimfungia kipande cha samaki kwenye gazeti. "Kula leo, usikiweke."

Verlin alikuwa bado kwenye kile kiti Arlys aliporudi. Aliinuka. "Umempata?"

"Amehama. Anadhani nilizisoma zote."

"Nitamtafuta. Nina watu ninaowafahamu posta, nitaandika..."

"Wewe usiandike kitu," Arlys alisema.

Siku nne zilizobaki alizimaliza kwenye kiti cha sitaha ya juu, upande ambao Verlin hakuwapo. Nahodha alipita akamshukuru kwa msaada, ingawa kipimo hakikuonyesha tofauti yoyote. Waliona barafu ikimeguka mlimani na nyangumi wawili. Verlin alitembea kwenye utepe wake. Alisema samahani mara nyingi, kwa sauti ya chini, na kila aliposema Arlys alitingisha kichwa kuonyesha kwamba amesikia.

Wakirudi nyumbani, gari lilivuta kushoto njia nzima. Mlango wa mbele wa nyumba ulikataa kufungika, na jirani yao Orville, ambaye ni seremala, akaja kutia vipande vya mbao chini ya nguzo bila kuuliza kitu. Arlys aliandika kwa kila kampuni ya kaa aliyoweza kupata jina lake. Hakuna iliyomjua Janelle.

Jumapili ya kwanza ya Septemba, baada ya ibada, watu kama thelathini walikusanyika kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa kuona picha za safari. Kulikuwa na tambi za nyama na keki ya tufaha. Vikombe vilipoanza kuteleza kumwelekea Verlin, wanaume walivuta viti vyao upande wa pili na wanawake wakatia kahawa nusu.

"Mbona bahari imeinama?" Bi Ardith, mkuu wa kina mama wa kanisa, aliuliza kwenye picha ya tatu.

"Ni Verlin," Arlys alisema. Kisha akaweka picha chini akawaeleza yote, barua arobaini na moja, pipa, mtoto mwenye jina lake, ngazi za mbao. Alieleza kwa sentensi chache. Verlin alikuwa amekaa na sahani magotini na hakukanusha.

Mtu alikohoa. Bi Ardith alikunja kitambaa chake cha karatasi mara mbili.

"Na za kwetu?" alimuuliza Verlin. "Zilifika zote?"

"Zote," Verlin alisema.

"Hata za kijana wangu, alipokuwa vitani?"

"Zote, Ardith. Hata moja haikupotea."

Bi Ardith aliwatazama wenzake, na wenzake wakamtazama. "Basi," alisema, akachukua kisu na kumkatia Verlin kipande cha keki.

Mazungumzo yalianza tena, ya ngano na ya mvua iliyochelewa. Arlys alisimama, akavaa koti, akapanda mteremko wa sakafu polepole hadi mlangoni, akishika migongo ya viti vya watu. Walimpisha. Wawili watatu waliinamisha viti vyao mbele ili apate pa kushika.