Dakika Tatu za Mama Idd

...dakika tatu, eti dakika tatu, karani ananinyooshea kipaza sauti kana kwamba miezi minane ya hospitali inaenea humo, na ukumbi mzima umenigeukia, mashehe upande huu, wachungaji upande ule, leo Kisumu wamekuwa kitu kimoja kuupinga mswada, daktari peke yake ndiye aliyesimama akasema mgonjwa asiyejitambua, asiye na tumaini la kujitambua tena, familia ikikubali mashine izimwe, wakamzomea mpaka akaketi, nami nikazomea, wallahi nilitaka kumrukia nimng'oe ulimi, mwanangu Idd si taa ya kuzimwa... mheshimiwa mbunge alishanifundisha pale mlangoni, Mama Idd, sema tu uhai ni wa Mungu, uchungu wa mwana aujuaye mzazi, basi, watalia wote, na Uzair hapa kando yangu, mdogo wake Idd, yuko nje kwa dhamana, ananibana mkono, sema hivyo hivyo Mama, kiganja chake kina jasho, kiganja hiki... najiambia usifikirie, Laila, usifikirie sepeto, lakini inakuja tu, sikuwepo, wanawake hatuendi makaburini, nilikuwa nyumbani Otonglo nimekaa mkekani na wenzangu, ningekuwepo ningewatenganisha, ningewauma kwa meno, sikuwepo ila nimeiona mara elfu, kaburi la baba yao liko wazi, Uzair ameshashuka kumpokea, yeye ndiye aliyemuuguza, yeye ndiye aliyemwosha, na Idd anafika mbio kutoka Awasi, kachelewa, toka humo, mkubwa ni mimi, anamvuta kwa kola mbele ya watu kama mwizi wa kuku, Uzair anapanda juu, anaokota sepeto lenye udongo wa baba yake, anampiga nalo kichwani, mara moja, wengine wanasema mara tatu, ala, tatu kwa nini, aliyeanguka unampigia nini tena... basi, yamekwisha, mmoja kitandani na mmoja mahakamani, na wakili hakuficha, Idd akifa kesi ya kujeruhi inageuka ya kuua, ndiyo maana tangu siku ile Uzair haondoki hospitalini, anamwombea nduguye mchana na usiku, nikasema moyoni hiyo ni toba, nikamsamehe, mjinga mimi, mpaka jana, jana mrija wa shingoni ulipoziba na Idd akageuka rangi, sista akapanda kitandani akamkandamiza kifua kwa nguvu zake zote, nikasikia ubavu ukivunjika, kah, hivyo tu, na damu ikapanda kwenye mrija, sista akasita akanitazama, na Uzair akapiga kelele, endelea, sista, usimwache, endelea, macho yamemtoka, na uso ule... hakuwa akimtazama Idd, alikuwa akitazama mashine, namba zile, na mimi je, mimi nilisema nini, nilisema endelea, nami pia nilisema endelea, ubavu wa pili ukavunjika nikisema endelea...

Mama, saa inakwenda, karani ananiambia taratibu, na kipaza sauti ni kizito, ni chuma, ningekigeuza nimpige nacho Uzair mdomoni sasa hivi, meno yamwagike mbele ya mheshimiwa wake, kisha nijipige mwenyewe, kwa sababu Mungu nimemtaja miezi minane na sikumkusudia Yeye hata siku moja, nilikuwa naikusudia shingo ya Uzair, nimemlaza mkubwa chini nimkinge naye mdogo, niliyemzaa kwanza nimemfanya ngao... ananibana tena, sema, Mama, nami namwonea huruma, ndiyo, bado namwonea huruma, ni wangu, nilimnyonyesha, lakini nitasema yule daktari ana haki, nitalisema hapa hapa mashehe wakisikia, wanizomee wakichoka wakae, na Uzair akifungwa maisha nitakuwa naenda gerezani kumwona mpaka miguu inikatae, lakini Idd hapigwi tena.