Kambare wa Babu Hom

Kila Songkran, sikukuu ya maji ya mwaka mpya wa Thailand, Duan alijiambia kwamba mwaka huu atasema, na kila Songkran alimimina maji, akapokea baraka zake kama mtu asiye na doa, akarudi zake mjini. Alifanya hivyo mara thelathini na saba. Tusimpambe: mwanamke huyu anaongoza wodi nzima ya hospitali na hakuna daktari anayethubutu kumpandishia sauti, lakini mbele ya ajuza mmoja wa kando ya Mto Tha Chin alikuwa mwoga wa kutupwa.

Ajuza huyo ni Bibi Plang, mwenye miaka tisini na mmoja na masikio mazima kabisa. Siku ya Songkran huketi kwenye kibao barazani, mikono ameikunjua juu ya beseni, na watu wa kichochoro kile hupanga foleni na vibakuli vya maji ya asumini. Unampigia magoti, unayamimina taratibu viganjani mwake, unasema maneno yanayosemwa na wote: kama nilikukosea kwa tendo, kwa neno au kwa wazo, kwa kujua au kwa kutojua, nisamehe. Naye anakubariki. Ni maneno mapana, na Duan alijificha ndani yake miaka yote hiyo. Pale penye "kwa kujua" alipapita mbio mbio, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemdai.

Alikuwa na miaka tisa wakati ule. Gati lao lilikuwa mwisho wa kichochoro, mbao kumi na mbili juu ya nguzo zilizoota kijani, na ubao wa tatu ulikuwa unabana vidole. Juu kidogo ya mto lilikuwako gati la hekalu. Pale hakuna aliyevua. Bendera mbili nyekundu zilisimamishwa majini kuonyesha mpaka, na samaki walioishi katikati yake walinenepa kwa mkate wa waumini wakawa wazito kama mito ya kulalia. Watoto walivua mto ulikoteremkia, chini ya bendera, kwenye gati lao, na kungoja samaki mpumbavu atakayevuka.

Aliyemfundisha Duan kuvua alikuwa Babu Hom, mume wa Bibi Plang, fundi wa mitumbwi. Alimkatia ufito wa mwanzi, akaupitisha motoni kuunyoosha, akamfungia mshipi kwa mkono wake. "Akigusa chambo usimvute," alimwambia. "Mwache kwanza aamini chakula ni chake. Wewe una haraka kama bata."

Na kweli alikuwa na haraka. Wiki nzima hakupata kitu, na Klao, binamu yake wa miaka kumi na miwili, hakumpa nafasi ya kupumua.

"Duan, unavua au unawalisha?" alisema Klao, miguu yake ikining'inia majini. "Samaki wanaitana huko chini. Njooni jamani, mama kashapika nyungunyungu!"

"Nyamaza wewe."

"Ndiyo mama. Na kesho utatupikia nini, mama?"

Mwaka huo Babu Hom aliugua. Tumbo lilimvimba, macho yakawa ya manjano, na hospitali ikamrudisha nyumbani. Asubuhi moja Bibi Plang akarudi kutoka sokoni na ndoo, ndani yake kambare mkubwa mweusi, akaenda nayo moja kwa moja kwenye gati la hekalu. Kichochoro kizima kilimfuata, Duan akiwemo. Kambare yule alikuwa ameshaonja rungu la muuza samaki. Utosini alikuwa na jeraha jeupe, na sharubu moja la kushoto lilikuwa limekatika.

Bibi Plang aliinua ndoo hadi kwenye paji la uso. "Nimekutoa kwenye kisu," alisema kwa sauti, watu wote wakisikia. "Nenda na ugonjwa wa mume wangu. Usirudi nao." Akammwaga. Kambare alielea ubavu kidogo, watu wakashika roho, kisha akazama. Hapakuwa na mtoto pale asiyejua maana yake: samaki yule akiishi, Babu Hom naye ana nafasi ya kuishi.

Siku ya nne Duan alikuwa peke yake gatini. Klao alikuwa amekwenda kunywa maji. Mshipi ukatikisika, na kwa mara ya kwanza maishani Duan hakuvuta. Alingoja. Alimwacha aamini. Kisha akavuta, na kilichokuwa upande wa pili kikamvuta yeye, akapiga magoti kwenye ubao wa tatu, akakaza meno, akarudi nyuma kwa matako hadi samaki akatua mbaoni akijipigapiga.

Jeraha jeupe utosini. Sharubu la kushoto halipo.

Alimjua papo hapo. Na tuseme wazi, maana yeye mwenyewe hajawahi kujidanganya juu ya hili: hakuchanganyikiwa, hakudhani ni mwingine. Mto ulikuwa hapo, shibiri moja tu. Alishaweka mkono tayari kumsukuma. Ndipo akasikia miguu ya Klao ikishuka ngazi na sauti yake ikiimba, "Mama kapika, mama kapika..." Duan akakifunika kichwa cha kambare kwa kiganja.

Klao alisimama. Mdomo ukabaki wazi. "Wee! Huyo wako?"

"Kwani wa nani?"

"Mkubwa kuliko wangu wote," alisema Klao polepole, na hakuongeza neno. Klao, aliyekuwa na neno kwa kila kitu! Duan alifurahi mpaka masikio yakamwaka moto. Furaha ile ndiyo inayomuumiza zaidi hadi leo.

Nyuma ya mtungi wa maji akamkata kichwa, akakitupa mtoni. Alimwambia mama yake kwamba kenge amekinyakua. Mama alimcheka, akapika mchuzi mkali wa ukwaju, na kabla mtu hajaonja akachota bakuli la kwanza. "Mpelekee Babu Hom. Si ndiye aliyekukatia ufito?"

Kutoka mlango wao hadi mlango wa Babu Hom ni hatua arobaini. Angeweza kujikwaa. Alifikiria kujikwaa, akachagua na mahali. Lakini Klao alikuwa akitembea naye kama mlinzi, akimtangazia kila waliyekutana naye. Bibi Plang alipokea bakuli kwa mikono miwili, akamlisha mumewe kijiko kwa kijiko, na mgonjwa aliyekuwa hatii kitu mdomoni akamaliza lote.

"Ulimwacha kwanza aamini?" aliuliza Babu Hom.

"Ndiyo, Babu."

"Huyo ndiye mwanafunzi wangu."

Siku ya tatu baada ya mchuzi ule Babu Hom alikufa.

Duan alisoma, akawa muuguzi, na anajua fika ini lililofikia pale haliponi, samaki aishi asiishi. Elimu hiyo haikumsaidia hata chembe. Kila akiona kambare sokoni uso unamshuka.

Basi mwaka huu akapiga moyo konde. Alijipanga mwisho wa foleni ili asisikiwe, lakini mtoto mmoja mwenye bastola ya maji akaja kusimama nyuma yake. Duan akapiga magoti. Akamimina maji kidogo, akafungua mdomo, na Bibi Plang akamshika kidole.

"Ngoja, kapanya," alisema ajuza, kwa jina lile lile alilomwita tangu utotoni. "Wewe ni mtu wa hospitali, nataka kukuuliza. Sijamuuliza mtu. Unakumbuka kambare niliyemwachia kwa ajili ya babu yako?"

"Nakumbuka, Bibi."

"Sikumnunua yule. Nilipewa bure, kwa kuwa alishapigwa, muuza samaki alijua hafiki jioni. Nikawadanganya watu kwamba nimemtoa kwenye kisu. Nilitaka uhai wa mume wangu kwa kitu cha kutupwa. Yule samaki alielea ubavu, mliona wote. Alikufa siku ile ile, na mzee wangu akamfuata." Macho yake yalikuwa makavu. "Kila nikibariki watu hapa, nawaza: mikono ya mtu aliyemuua mumewe kwa kutaka vya bure. Sema kweli. Ingekuwa samaki mzima..."

"Hakufa," alisema Duan.

"Nini?"

"Hakufa, Bibi. Siku ya nne alikuwa mzima. Nilimvua mimi, pale gatini. Nilimtambua na sikumwachia."

Mtoto wa nyuma alikuwa akipiga maji ukutani.

"Alikuwa na nguvu?" aliuliza Bibi Plang.

"Alinivuta nikapiga magoti. Kidogo tu niingie mtoni."

"Nionyeshe."

Duan aliweka kibakuli chini. Mwanamke wa miaka arobaini na saba, akiwa amepiga magoti barazani kwa watu, alinyoosha mikono, akashika ufito usiokuwepo, akaonyesha jinsi ulivyopinda na jinsi alivyoburutwa. Bibi Plang alitazama hadi mwisho. Akacheka kidogo, machozi yakamtoka, akaanza kutikisa kichwa.

"Alipona," alisema. "Yule aliyekatiwa tamaa alipona." Kisha kicheko kikaisha. "Ule mchuzi."

"Ndiyo, Bibi."

"Alimaliza bakuli lote. Nimejifariji na bakuli lile miaka yote hii."

"Nisamehe, Bibi. Nilikuwa mtoto."

"Najua ulikuwa mtoto. Ulikuwa na miaka tisa, na meno mawili huna." Ajuza alimtazama usoni bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mwaka jana ulikuwa na miaka mingapi?"

Duan aliinamia beseni.

"Na mwaka juzi? Kila mwaka unakuja hapa, nakukunjulia mikono hii, unaimwagia maji, unaniambia nikusamehe kwa kujua na kwa kutojua. Mimi nikirudi ndani nalala na kambare wangu mfu. Na wewe unamjua mzima."

Aliitoa mikono juu ya beseni, akaikausha kwa kitambaa cha begani, kidole kimoja kimoja. Baraka hazikuja. Alimtazama mtoto aliyekuwa nyuma.

"Haya, nani anafuata?"

Kibakuli cha Duan kilikuwa bado nusu. Alikiokota hivyo hivyo na maji yake, akasogea pembeni kumpisha mtoto.