Kondoo wa Oudine

Asubuhi ya mtihani wake Oudine alikaa kwenye kigoda katika karakana ya sarafu ya mji wa Troyes, mkasi mkubwa mapajani, akila mkate na jibini. Mama yake alikuwa mkataji wa vipande vya sarafu humo, na bibi yake pia. Binti hakuingia kazi ile ila kwa damu ya ukoo, tena ilimpasa akate kipande kimoja cha dhahabu mbele ya wenye nyundo wote. Kikishagongwa, mwanakondoo aliyechorwa kwenye sarafu hulia mee, naye binti huandikwa kazini. Ndivyo walivyokuwa kondoo wa Troyes. Wenye maduka waliiweka sarafu sikioni, wakisikia mee waliipokea, basi.

Tangu Pasaka kondoo hawakulia. Mfalme aliamuru dhahabu ichanganywe na shaba, na mpiga mbiu akatangaza sokoni kwamba kondoo wa mfalme wamelala, atakayewaamsha atafungwa. Watu wakazoea. Wengine walinong'ona wakati wa kulipa, wasije wakawaamsha.

Oudine alipewa bamba la dhahabu hiyo ya amri. Akalitazama, akalirudisha mezani. Akavua pete nene ya marehemu mama yake, akaiponda ikawa bapa, akaikata mduara. Kwenye mizani ilikaa sawasawa. Mjomba wake Thevenin akaiweka kati ya mihuri miwili, akashusha nyundo.

Kondoo akalia, hata kondoo wa mchinjaji, mtaa wa pili, wakamwitikia.

Bwana Garnot, mkaguzi, aliigeuzageuza sarafu. "Hii ina kelele."

"Ina dhahabu," alisema Oudine.

"Ndiyo kosa lenyewe, binti. Kata nyingine iliyo kimya, nikuandike sasa hivi, na mchana utakula na wenzako."

"Kata tu, shoga," mkataji wa pembeni yake alimnong'oneza. "Sisi sote tunakata."

"Nyie kateni. Kondoo wa kwetu hulia."

Garnot akaitumbukiza ile sarafu kwenye chungu cha kuyeyushia, juu ya shaba. Iliendelea kulia mpaka ilipoyeyuka. Thevenin akavua kofia. Wenye nyundo wote wakavua zao, wakasimama vivyo hivyo hadi Oudine alipotoka mlangoni, mkasi begani, shingo imenyooka kama ya mwenye mji.

Kisha wakavaa kofia zao, maana kazi ilikuwapo. Kufikia jioni kapu lilijaa kondoo, wote wamelala fofofo.