Jani la Sumari

Huku kwetu mlimani Meru mmea ni ule ule, majina mawili. Jani moja lililofungwa fundo ni isale: ukiletewa, lazima usamehe, hata kama moyo unawaka. Mmea ukipandwa mstari mzima kati ya mashamba ni masale, na masale hayasamehe mtu. Ndiyo mpaka.

Jirani yangu Sumari alitaka kuufuta. Akaleta fundi kutoka Sakina na tripu ya tofali, ajenge ukuta hatua tatu ndani ya kahawa yangu.

"Hayo si masale, kaka. Ni vichaka vimejiotea."

Vichaka! Vilipandwa na baba yangu na baba yake mwaka sabini na nne, mvua inanyesha, kamba nimeishika mimi. Shule sikusoma sana, lakini sisahau. Nikaandika barua tatu kwa mkono: kijiji, kata, wilaya. Sumari akaniita mwendawazimu mbele ya watu wanaotoka kanisani.

Hapo alijiponza. Balozi wetu wa nyumba kumi, Magreth, akamwambia, "Ya mpaka baadaye. Kwanza kamwombe msamaha kwa tusi lile."

Jumamosi akaja, balozi nyuma yake, jani bichi mkononi limefungwa fundo safi.

"Shikamoo, kaka. Nimekuja na isale."

"Marahaba. Nimelipokea. Nimekusamehe." Meno nimeyauma, lakini nilisema. Nikaligeuzageuza lile jani. "Zuri kweli. Umelikata wapi?"

"Si hapo chini, kwenye masale yetu…"

Mke wangu Hanna alikuwa anamimina chai. Alicheka hadi chai ikamwagika mezani.

"Balozi, umesikia?" nikauliza.

"Mimi si kiziwi. Tena kasema yetu."

"Nilimaanisha vile vichaka," Sumari akajitetea.

"Shemeji," Hanna akamwambia huku anafuta meza, "tangu lini mtu akaombwa msamaha kwa kichaka? Kama ni kichaka, rudi nacho, tusi lako liko pale pale."

Sumari akatazama jani, akatazama kahawa, kisha akacheka yeye mwenyewe.

Jumatatu fundi akahamishia tofali upande wa Sumari. Nilisaidia kubeba, maana nimeshasamehe. Lile jani Hanna kalichomeka ukutani jikoni. Sumari akija kunywa chai, huchagua kiti kinacholigeuzia mgongo.