Maji ya Kopo la Nje

Shuleni walimwita Nukta, na jina hilo hakulipata kwa bahati. Msichana wa kidato cha pili anayekataa kusema mvua ilikuwa "kama milimita kumi hivi", akashikilia kwamba ilikuwa tisa nukta saba, lazima apewe jina, tena ashukuru hakupewa baya zaidi. Yeye alilipenda. Ndiye aliyekuwa mshika daftari la mvua, na mwaka mzima hakuwa amekosea hata siku moja. Kama kulikuwa na mtu shuleni asiyelijua hilo, basi huyo alikuwa hajakutana na Nukta.

Asubuhi hiyo bwana wa mto alikuwa ameketi katika chumba cha walimu, viatu vimejaa matope, simu mkononi. Kazi yake ilikuwa kuulinda mji dhidi ya mto, na mto ulikuwa umempa usiku mbaya. Mvua ilikuwa imepiga hadi alfajiri. Kipimamvua cha ofisi yake huku mlimani kilikuwa kimebebwa na upepo, kwa hiyo kilichobaki kilikuwa cha shule. Hesabu yake ilikuwa fupi: mvua ikivuka milimita sitini huku juu, mitaa ya chini itaingiliwa na maji kabla ya saa saba mchana, na watu lazima wahamishwe. Isipovuka, wabaki makwao. Nyumba ya bibi yake Nukta ilikuwa ya tatu kutoka mtoni, na bibi mwenyewe alikuwa na goti bovu.

"Thelathini na nane nukta nne," alisema Nukta, amesimama wima kama anaimba wimbo wa shule.

Bwana wa mto akainua uso. "Basi tu? Mimi nilidhani paa langu linang'oka."

"Hizo ni kelele za bati tu," mwalimu wa jiografia akacheka. "Huyu hakosei, bwana. Daftari hili lina miaka kumi na moja, na halina namba hata moja iliyofutwa."

Nukta akavimba kichwa. Bwana wa mto akapiga simu. "Ndiyo. Thelathini na nane. Waambie watu watulie, hakuna kuhama."

Nukta akageuka atoke, na pale ukutani, kando ya mlango, akakutana na mchoro wake mwenyewe. Mwalimu alikuwa ameubandika muhula uliopita, alama ishirini kwa ishirini: kipimamvua, kimepakwa rangi ya buluu, kina mishale minne. Faneli. Chupa. Silinda ya kupimia. Na mshale wa nne, kwa mwandiko wake uliopendeza: "Kopo la nje: hupokea maji yanayozidi chupa."

Akausoma tena.

Asubuhi ile, kwa mara ya kwanza tangu ashike kazi, alikuwa ameikuta chupa imejaa hadi mdomoni. Akayapima maji yake taratibu, jicho sawa na mstari, akapata thelathini na nane nukta nne. Chini kwenye kopo nako kulikuwa na maji, yamechanganyika na majani mawili matatu. Akadhani yamepenya kutoka kwenye nyasi. Aliyamimina kwenye ndoo ya mama wa usafi, kwa sababu mama yule hapendi kuona maji yakimwagwa, akarudi darasani roho kwatu. Maneno ya mshale wa nne aliyajua kwa moyo, lakini aliyajua kwa ajili ya mtihani.

Sasa bwana wa mto alikuwa anavaa koti. Nukta angeweza kunyamaza. Angeweza kusema chupa ilipinduka, kwamba kuna mtu aliichezea. Uongo ulimjia mwingi na wa haraka, na aliona haya kwa jinsi ulivyomjia. Kisha akalikumbuka goti la bibi.

"Mzee, usiondoke. Nimekosea."

"Umekosea nini?" Mwalimu hakuwa akicheka tena.

"Chupa ilifurika, Mwalimu. Maji ya kopo la nje sikuyapima. Niliyamwaga kwenye ndoo ya mama wa usafi."

"Yalikuwa kiasi gani?" aliuliza bwana wa mto.

"Sijui."

"'Sijui' haihamishi watu, binti. Mwaka jana niliwatoa kwa kukisia, mvua ikakatika, wakaapa hawatanisikiliza tena. Nipe namba."

Nukta alikwisha toka mbio. Alimkuta mama wa usafi katika darasa la mwisho, anafuta madawati, kitambaa mkononi, ndoo miguuni.

"Mama, maji yale ya asubuhi! Umeongeza mengine?"

"Niongeze ya nini? Hata sabuni sijatia. Nimemaliza madarasa mawili nayo. Kuna nini, mwanangu?"

Ndani ya ndoo kulikuwa kumebaki maji kidogo, yamekuwa ya kijivu kwa vumbi la chaki. Mwalimu alifika na silinda, bwana wa mto nyuma yake na simu. Wakaiweka silinda juu ya dawati, wakayamimina humo. Mwalimu akamshikia Nukta ndoo. Milimita kumi. Wakamwaga, wakajaza tena. Kumi nyingine. Mara ya tatu maji yakaishia kwenye sifuri nukta tano.

"Hamsini na nane nukta tisa," alisema Nukta.

"Haijafika sitini," alisema bwana wa mto.

"Madarasa mawili yamefutwa nayo!" mwalimu akapaza sauti. "Huoni?"

"Naona. Ila huko chini wataniuliza nilichopima."

Nukta akamnyang'anya mama wa usafi kitambaa bila hata kuomba radhi. Akakikamua juu ya silinda, akakikunja, akakikamua tena hadi vidole vikauma. Maji machafu yakadondoka, tone kwa tone, yakapanda mstari mmoja, halafu mwingine. Akainama, jicho sawa na mstari.

"Mbili nukta sita. Jumla sitini na moja nukta tano."

Bwana wa mto alikuwa tayari anapiga simu. "Futa ile ya kwanza. Watoe wote. Sasa hivi!"

Kufikia saa saba madarasa yalikuwa yamejaa watu na mizigo, na kutoka dirishani maji yalionekana yamefika kwenye madirisha ya nyumba za mtoni. Bibi alikuwa ameketishwa juu ya dawati safi, goti amelinyoosha, mgongo ameupa dirisha, hasira tele.

Mwalimu aliweka daftari mbele ya Nukta, akampa kalamu, akaondoka. Nukta akaikata ile thelathini na nane nukta nne kwa mstari mmoja, ili isomeke. Kando yake akaandika: "Zaidi ya 61.5. Mengine niliyamwaga mimi."

"Nataka kumjua huyo mpumbavu aliyenitoa kwangu kwa kimvua hiki," bibi alifoka.

"Ni mimi, bibi."

"Wewe mpima mvua? Haya, niambie basi, ilikuwa kiasi gani?"

Nukta akafungua mdomo kama kawaida yake, akaufunga. Akamtazama bibi yake, mzima, mkavu.

"Nyingi, bibi," alisema. "Kiasi chake sikijui."