Mjomba Anaogopa Sindano

Mguu wa Shaobin ulikuwa ukicheza wenyewe chini ya benchi. Akiushika huu, unaanza wa pili. Pale mjini Nanning hospitali haitoi damu mpaka ndugu au rafiki wa mgonjwa atoe yake kwanza. Mpwa wake Xiaoman, anayeongezwa damu kila mwezi tangu utotoni, alikuwa amelala begani kwa mama yake, midomo imempauka. Ukoo mzima ulishatoa. Leo zamu ilikuwa yake.

"Fahali mzima, unatetemeka?" dada yake Caiyun alimtania.

Alitamani kukimbia. Wiki chache nyuma, katika ulevi wao, yeye na rafiki zake wawili walichorwa tatuu ya samaki mgongoni kwa sindano moja. Jana alimwona mmoja wao, macho ya manjano kama bizari. Homa ya ini.

Ndani, muuguzi akamfunga mpira mkononi.

"Muuguzi, damu hii si mtaipima?"

"Tunapima, ila ugonjwa mchanga hujificha."

"Na Xiaoman ndiye atakayepewa hii?"

"Hapana. Hii itaenda kwa mtoto mwingine. Yeye atapewa ya mtu mwingine."

Shetani akamnong'oneza: mtoto mwingine, nani atajua? Akanyoosha mkono. Mara akaurudisha. Hata damu atakayopewa Xiaoman ilitoka kwa mjomba wa mtu, aliyekaa kiti hikihiki. Je, yule naye alinyamaza?

"Fungua mpira," akasema, akamweleza yote.

Muuguzi akaufungua. "Afadhali umesema. Usiondoke kabla hujapimwa ini."

Alipotoka, Caiyun alisimama. "Umetoa?"

Aliona aibu kutaja ule ulevi na samaki wa mgongoni. "Nimeshindwa, dada. Sindano ile... Nampigia mwenzangu wa kazini sasa hivi, aje atoe."

"Sindano! Mwanamume na ndevu zako! Mwanangu anadungwa kila mwezi, wewe mara moja tu inakushinda? Mwoga mkubwa wee!"

Benchi zima likamgeukia. Shaobin akainamisha kichwa, simu imo mkononi, mwenzake hajapokea bado.

Kelele zikamwamsha Xiaoman. Alimtazama mjomba wake kwa huruma, akamshika kidole.

"Mjomba, ukiangalia dirishani haiumi sana. Mimi hufanya hivyo."

Shaobin akageukia dirishani, mtoto asije akamwona analia.