Kichujio cha Fundi Miwani

Fundi miwani alitandaza vichujio vitatu juu ya kitambaa cha kufutia lenzi, akavikagua kama anavyokagua miwani ya mteja mkorofi. Muuza darubini alikuwa amempa avijaribu, abaki na kimoja, vingine avirudishe.

"Darubini yako ndogo, usitake makuu," muuzaji alimwambia. "Hiki chepesi kinapunguza taa za barabarani kidogo tu. Hiki kizito kinazuia karibu kila kitu, utaambulia giza. Chukua cha kati. Na usijidanganye, kichujio hakiongezi mwanga. Kinaondoa tu ule usioutaka."

Darubini yenyewe aliletewa na binti yake walipokwisha kumzika mama, ili baba apate cha kushika jioni. Ilisimama kibarazani, juu ya duka.

Giza lilipoingia akafunga kile chepesi, akaielekeza darubini kwenye nebula, yale mawingu ya gesi yanayong'aa kati ya nyota. Akaona ukungu, basi. Akajaribu kizito, akaona weusi mtupu. Akafunga cha kati. Mng'ao wa mji ukatoweka, na ndani ya wingu la kijani alikuwamo marehemu mkewe, amekaa kwenye kigoda chake, gauni la mtu mapajani, anatunga uzi kwenye sindano. Akakosa tundu. Akalamba uzi, akajaribu tena.

"Kuna nini leo?" binti aliuliza, akianua nguo.

"Mama yako."

"Hajambo?"

"Anashona. Haoni vizuri."

"Si ndivyo alivyokuwa?" binti alisema, akashuka na nguo zake.

Ndivyo alivyokuwa hasa. Mtaa mzima ulivaa miwani ya fundi, hata yule mzee mbishi aliyekuwa akiapa kwamba maandishi ya magazeti ndiyo yamepungua. Mkewe, mshonaji wa kutegemewa, alikuwa akiita wapita njia: "Mwanangu, nitungie uzi. Macho yangu yako dukani yanapima ya wenzio." Watu wakicheka, naye alicheka. Kila alipomwomba mumewe ampime, alijibiwa kesho, maana chini kulikuwa na mteja. Zikaja kesho nyingi, mwisho ikaja ya jeneza. Sasa roho ilimuuma fundi, ikamuuma kweli, wala hakuwa na wa kumlaumu.

Akateremka dukani, akachagua fremu nyepesi aliyojua ingempendeza, akawasha mashine ya kusagia lenzi. Mkono ukasita. Namba za miwani za mtaa mzima alizijua kwa kichwa. Ya mwanamke aliyelala naye kitanda kimoja hakuijua.

"Namba ya mama yako ilikuwa ngapi?" alimuuliza binti aliyekuwa akikunja nguo.

"Baba, hukumpima."

Akauzima mtambo. Akaupandisha kibarazani ubao wa herufi wa kupimia macho, akauegemeza ukitazama angani, akauwashia taa. Aliporudi kwenye darubini, kichujio kiliizuia taa ile kabisa. Mkewe alikuwa ameinua uso, amekunja macho. Midomo yake ikaitaja herufi kubwa ya juu. Ikaingia mstari wa pili, ikasitasita. Fundi akashika kalamu.

"Baba!" binti aliita kutoka chini. "Kuna mteja. Anasema ana haraka."

Fundi akaendelea kuchungulia. Kule juu mkewe alikuwa amesikia. Alitikisa mkono, vilevile alivyokuwa akiutikisa mlangoni pa duka, kumwambia mumewe asijali. Midomo yake ikatamka polepole: kesho. Kisha akaiinamia sindano.

Fundi akakiacha kichujio cha kati mahali pake, vile viwili akavirudisha kisandukuni. Akauziba mdomo wa darubini kwa kifuniko.

"Mwambie akae," alisema. "Nakuja."

Akauchukua ubao wa herufi, akashuka nao.